Ski imeumia wapi? Dalili, vyanzo na matengenezo

Ukitazama soli, yaani upande wa chini, ya ski iliyotumika miaka mitatu, jicho hukimbilia mikwaruzo ya mawe. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Jiwe hufungua mlango tu; anayeibomoa nyumba ni maji. Yakishaingia, mbao ya ndani huvimba, gundi huachia na chuma huliwa na kutu kutoka upande usiouona. Kwa sababu hiyo, tundu dogo la ukubwa wa punje ya mchele karibu na ukingo linaweza kuwa baya kuliko mkwaruzo wa nusu mita katikati ya soli.

Mwongozo huu ni wa ski za kuteremkia milima, kama alizoshindania Sabrina Simader, aliyeiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Pyeongchang mwaka 2018. Ski nyembamba za masafa, kama alizovaa Philip Boit kule Nagano mwaka 1998, zina nta yake ya kukamata theluji katikati, na kwa kawaida hazina ukingo wa chuma. Matatizo yake ni mengine.

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanaomiliki ski wanaishi Ulaya au Amerika Kaskazini, na wengi wamenunua za mtumba: zilizotoka kwenye maduka ya kukodisha au kwa mtu aliyechoka nazo. Dalili zilizomo humu zinafaa kwa ski yako na pia kwa ile unayotaka kuinunua.

Kwanza, ijue iliyo mkononi mwako

Ski ni matabaka yaliyogandishwa pamoja kwa gundi ya epoksi chini ya joto na shinikizo. Chini kabisa ni soli ya plastiki ya polietilini, unene wa milimita 1 hadi 2. Pembeni yake kuna kingo mbili za chuma cha kaboni, ambacho hula kutu, zenye meno yaliyozama chini ya tabaka la juu yake. Hufuata faibaglasi, na katika ski ngumu zaidi huongezwa bati jembamba la aloi ya alumini linalojulikana kwa jina la kibiashara la Titanal. Kisha moyo wa mbao, mara nyingi popla, bichi au paulonia. Halafu faibaglasi tena, na mwisho ganda la juu lenye rangi na michoro. Mbavu zimezibwa kwa plastiki ngumu, au ganda lenyewe limekunjwa kushuka hadi kwenye ukingo. Hakuna msumari wala riveti. Gundi ikiachia, hakuna kingine kinachoshika.

Usichunguze ski iliyolowa. Iache ndani ya nyumba usiku kucha, ifute, kisha iweke mezani soli ikiwa juu na taa ikiwa mbele yako, ng'ambo ya ski. Tafuta rula ya chuma iliyonyooka kabisa, sarafu, pamba kidogo na bisibisi ya Pozidriv namba 3. Bisibisi ya msalaba ya kawaida hukaa vibaya kwenye vichwa vya skrubu za ski na kuvila. Baada ya hapo hata fundi atapata taabu kuzitoa.

Soli imepauka, ski haitelezi

Weupe kama wa majivu huanza kandokando ya kingo, hasa chini ya buti, kwa kuwa hapo ndipo uzito unapolala kwenye kona. Watu husema soli imeoksidi. Kwa kiasi kikubwa unachokiona ni nyuzi ndogo za plastiki zilizokwanguliwa na theluji ngumu baada ya nta kwisha. Theluji ya mashine hufanya hivyo haraka kuliko theluji iliyoanguka jana, na vilima vya brashi za plastiki vilivyotapakaa Uingereza, au mteremko wa plastiki uliojengwa juu ya paa la mtambo wa CopenHill pale Copenhagen, ni vikali zaidi: msuguano mkavu huchemsha kingo na soli kwa pamoja.

Dawa ni nta ya moto. Piga soli brashi ya shaba mara 10 hadi 15, kutoka puani kwenda mkiani, usirudi nyuma. Dondosha nta kwa mistari miwili, kisha ipitishe pasi bila kusimama. Nta nyingi za matumizi ya kawaida zinataka nyuzi 110 hadi 130 za Selsiasi, pakiti itakwambia. Moshi ukitoka, punguza. Tazama mkia wa nta iliyoyeyuka nyuma ya pasi: sentimita 5 hadi 10 zinatosha. Ukizidi hapo unakwenda polepole mno, au pasi ni moto kupita kiasi. Polietilini yenyewe huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 130 na kitu, kwa hiyo nafasi ya kukosea ni finyu. Gusa ganda la juu kwa kiganja: liwe vuguvugu tu. Acha ski ipoe kwa nusu saa au zaidi, kwangua kwa kikwanguo cha plastiki, malizia kwa brashi ya nailoni. Nta inayofanya kazi ni ile iliyonywewa na soli. Iliyobaki juu inakupunguzia mwendo.

Pasi ya nguo? Inawezekana kwa dharura, ila sahani yake ni nyembamba na joto lake hupanda na kushuka ovyo, na matundu ya mvuke humeza nta. Ukishaitumia, isirudi tena kwenye shati.

Kama soli ni chafu kweli, tanguliza nta laini, uikwangue ingali ya joto ili itoke na uchafu, kisha weka nta yenyewe. Hiyo ni bora kuliko kuiogesha soli kwa kiyeyushi. Kama weupe umebaki baada ya kupaka mara mbili, nyuzi zimekwisha chanika na kazi ni ya mashine ya jiwe kwenye karakana, inayochonga soli upya. Kila uchongaji hula plastiki na chuma pia, hivyo usiuombe kila mwaka kwa mazoea.

Mikwaruzo na mashimo kwenye soli

Pitisha ukucha. Usiponasa, achana nao. Mikwaruzo ya juujuu haimpunguzii chochote mtelezaji wa kawaida. Ukinasa, tazama chini ya shimo. Rangi ikiwa ileile ya soli, unaweza kujaza mwenyewe kwa mshumaa wa P-Tex, yaani kijiti cha plastiki ya soli kinachoyeyushwa kwa moto.

Safisha shimo kwa kisu chenye makali, ukikata vinyuzi vinavyoning'inia. Washa mshumaa juu ya kikwanguo cha chuma, si juu ya ski, mpaka mwali uwe mdogo na wa buluu. Mwali mkubwa wa njano hutoa masizi, na tone lenye masizi halishiki vizuri. Shikilia mshumaa sentimita 1 au 2 kutoka kwenye soli na ujaze mpaka ipande juu kidogo ya usawa, maana plastiki husinyaa ikipoa. Vaa glavu na fungua dirisha: tone la plastiki inayowaka likikugusa hunata na kuendelea kuunguza. Subiri ipoe kabisa, kama dakika 15, ndipo upunguze kwa kikwanguo cha chuma kilichonolewa, tabaka jembamba kila mara. Ukiharakisha, kiraka chote kitang'oka kama gaga.

Hali hubadilika ukiona mbao, nyuzi za faibaglasi au mng'ao wa bati. P-Tex ya mshumaa haishikani na vitu hivyo. Itaonekana nzuri mezani na kudondoka siku ya kwanza ya baridi kali. Hapa panahitajika plastiki ya kushikisha iwekwe kwanza, au kipande cha soli kikatwe kwa umbo la almasi, kibandikwe kwa epoksi na kubanwa. Mpelekee fundi, lakini si kabla ya kukausha ski siku mbili. Kiraka juu ya mbao mbichi ni kifuniko juu ya chungu cha maji. Kama jeraha limetokea asubuhi na bado unataka kushuka mchana, jaza epoksi ya dakika 5 au hata nta ngumu, kisha uiondoe jioni. Kusudi ni kuzuia maji tu.

Shimo lililogusana na ukingo ni kesi ya peke yake. Kiraka hapo kina upande mmoja tu wa kushikilia, na meno ya ukingo yako wazi kwa maji. Usilijaze mwenyewe.

Kingo: butu, zenye kutu, zenye ufa

Pitisha pamba kavu ukingoni. Ikinasa nyuzi, pana kijino. Kosa la kawaida ni kukimbilia tupa. Chuma kilichopigwa na jiwe huchemka kwa nukta na kupoa papo hapo, hivyo mahali hapo huwa pagumu kuliko tupa yenyewe. Tupa itateleza juu yake na kupoteza meno. Anza na kinoo cha almasi kilicholowanishwa, sugua mpaka mahali pale pahisike laini, ndipo ushike tupa.

Kipimo kinachowafaa wengi ni nyuzi 1 upande wa soli na nyuzi 2 upande wa ubavu. Tumia kishikio chenye pembe maalumu; jicho la mtu haliwezi kuona nusu nyuzi. Upande wa soli uguse mara chache sana, kwa sababu ukishazidisha pembe huwezi kuirudisha bila kuchonga soli nzima. Makali hurudishwa kwa kufanyia kazi ubavu. Kama plastiki ya ubavu imekuzuia kuufikia ukingo, ipunguze kwanza kwa kisu chake maalumu.

Kutu ya rangi ya chungwa iliyotokea baada ya wiki moja ni ya juu tu. Kifutio kigumu cha mpira wenye mchanga huiondoa. Kutu nyeusi yenye vishimo inaonyesha ski ilifungiwa mbichi kwenye mfuko kwa muda mrefu. Chanzo kingine ni chumvi ya barabarani kwa wanaobeba ski juu ya gari wakati wa baridi: ukifika, zisuuze kwa maji matamu na uzifute. Halafu kuna umande. Ski inayotoka kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri kuingia sebule yenye joto hulowa yenyewe ndani ya dakika chache. Ndivyo ilivyo pia kwa inayotoka kwenye ukumbi wa Ski Dubai, uliofunguliwa mwaka 2005, kuingia kwenye joto la nje. Ifute mara mbili: unapoingia, na nusu saa baadaye.

Ufa mwembamba unaokata ukingo kwa upana huonekana sana kwenye ski za wanaoruka na kuteleza juu ya mabomba ya chuma. Kama pande zote mbili zimelala sawa, nyoosha kwa kinoo na uendelee. Kama upande mmoja umetokeza nje, meno yameanza kung'oka. Urefu wa sentimita chache karibu na pua au mkia hutengenezeka. Chini ya buti, hapana: nguvu yote ya kona hupita hapo.

Na ukingo uliobaki na unene wa chini ya milimita 1 hauna tena cha kunolewa. Ski nyingi za kukodisha huishia hivyo, kwa sababu hupitishwa kwenye mashine mara nyingi kuliko za mtu binafsi.

Ski inanasa, au inaogelea

Mtelezaji husema ski inamvuta kwenye kona asiyoitaka, au kinyume chake, haishiki hata kidogo kwenye barafu. Kabla ya kulaumu miguu, simamisha rula ya chuma juu ya soli, ikikatisha upana, na utazame mwanga unaopita chini yake.

Mwanga ukipita katikati, kingo ziko juu kuliko soli. Ski ya namna hii hunasa na hukataa kugeuka. Ukipita pembeni na rula ikawa inayumba, soli imetuna: ski huogelea na ukingo huchelewa kugusa theluji. Bonde dogo karibu na pua na mkia ni la kawaida na halisumbui. Linalosumbua ni lile la chini ya buti na sehemu za jirani. Tiba ni mashine ya jiwe. Kwa mkono, soli iliyotuna unaweza kuipunguza kidogo kwa kikwanguo cha chuma. Kingo zilizosimama ni kazi ndefu ambayo wengi huiharibu.

Lakini jaribu jambo jepesi kwanza. Ski iliyotoka kunolewa jana na inanasa leo mara nyingi ina ulimi wa chuma ulioachwa na tupa. Pitisha kinoo laini mara mbili kila upande, kisha upunguze makali kwa mpira sentimita chache za pua na mkia, mbele na nyuma ya pale ski inapogusa theluji. Tatizo likiisha hapo, umeokoa soli na pesa.

Matabaka yamebanduka

Gonga ski kwa sarafu, puani hadi mkiani, ukisikiliza. Sauti kavu na fupi ni nzuri. Ikigeuka kuwa nzito na yenye uwazi, kama tikitimaji lililoiva kupita kiasi, gundi imeachia hapo. Kisha bonyeza mbavu kwa vidole: kikijitokeza kitone cha maji, umepata jibu la pili.

Mkia hubanduka kwa kusimamishwa kwenye sakafu ya zege siku baada ya siku. Ubavu hubanduka kwa pigo la jiwe. Pua hubanduka kwa kugongana na ski mwenzake. Uvimbe katikati ya soli, mbali na pembeni, kwa kawaida umetokana na pasi iliyosimama mahali pamoja au na maji yaliyopita kwenye tundu la skrubu, na huo ni mgumu kuufikia.

Mwanya wa puani, mkiani au ubavuni usiozidi sentimita 10 hivi unafungika nyumbani. Ufungue taratibu kwa kisu bapa kiasi cha kuona ndani tu, usiupanue. Kausha siku mbili hadi tatu karibu na joto, si juu yake. Pitisha msasa uliokunjwa, puliza vumbi, futa kwa spiriti na uiache iruke. Changanya mililita 10 za epoksi inayochukua saa 24 kukauka. Ile ya dakika 5 huwa ngumu na kukatika ski inapopinda. Ipashe kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele ili iwe nyepesi, iingize kwa kisu au sindano ya plastiki mpaka itokeze upande wa pili, kisha weka karatasi ya kuokea juu na chini, vipande viwili vya mbao bapa, na vibano. Kaza mpaka uzi mwembamba wa gundi utoke, halafu simama. Anayekaza kwa nguvu zake zote huifukuza gundi yote na kubana mbao kavu kwa mbao kavu. Isiguswe kwa saa 24.

Mbanduko ulioanza chini ya kifungio cha buti hautengenezwi. Hiyo ski imemaliza kazi.

Kifungio kinacheza

Tofautisha mambo mawili. Baadhi ya vifungio huwa na mchezo mdogo ndani ya mitambo yake tangu vipya, na si ugonjwa. Ugonjwa ni bamba lote kuachana na ski. Mwenzako aishike ski, wewe ushike kifungio cha mbele na kukitikisa huku ukitazama mstari kati ya bamba na ganda. Mstari ukifunguka na kufumba, skrubu zimeachia.

Skrubu inayozunguka bila kukaza imekula nyuzi za tundu lake. Ikitoka na vumbi jeusi la mbao, moyo umeanza kuoza, na kukaza zaidi hakusaidii. Tundu lenye mbao nzima huokolewa kwa epoksi, au kwa kijumba cha chuma chenye nyuzi kinachozamishwa ndani. Kipimo cha kutoboa kwa kawaida kimeandikwa kwenye ski yenyewe: ski nyingi zisizo na bati huchukua biti ya milimita 3.5 au 3.6, zenye bati 4.1, kina kikiwa 9 au 9.5. Tumia biti yenye kizuizi. Vipele kwenye soli usawa wa skrubu ni alama ya aliyetoboa bila kizuizi au aliyetumia skrubu ndefu. Ukiviona kwenye ski ya mtumba, irudishe mezani kwa muuzaji. Tundu jipya likae angalau sentimita 1 kutoka la zamani, likipimwa katikati hadi katikati, na la zamani lizibwe.

Baada ya kugusa skrubu yoyote, au kubadilisha buti, kifungio kipimwe kwa mashine na fundi anayefuata kiwango cha ISO 11088. Hilo usilifanye kwa kukisia namba ya nguvu ya kuachia kwenye dirisha la springi. Soli za buti nazo hazifanani: za ISO 5355 (soli bapa ya kawaida) na za GripWalk (iliyopinda kidogo kwa kutembelea) hazikai sawa kwenye kila kifungio, na kifungio kisicholingana na buti kinaweza kukataa kuliachia siku unapohitaji kuachiliwa. Vifungio vya zamani sana maduka huvikataa hata kama vinang'aa, kwa kuwa mtengenezaji ameshaviondoa kwenye orodha ya anavyovidhamini.

Imepinda

Kutanisha ski mbili soli kwa soli bila kuzibana. Zenye upinde wa kiwandani zitagusana karibu na pua na mkia na kuacha uwazi katikati; uwazi ulingane pande zote. Kama zinaanza kuachana mapema upande mmoja kuliko mwingine, moja imepinda. Ski yenye bati hupinda na kubaki hivyo. Isiyo na bati hupasuka au kuvunjika. Kagua ganda la juu mbele tu ya kifungio cha mbele, penye mkazo mkubwa: mkunjo unaokatisha upana, kama kitambaa kilichopigwa pasi vibaya, ni alama kwamba matabaka ya ndani yamekubali kushindwa. Wapo wanaojaribu kuzinyoosha kwa mguu. Hazinyooki, na hakuna fundi makini atakayekuahidi.

Ganda la juu limemeguka

Mara nyingi ni urembo tu. Ski mbili zikikanyagana, ukingo wa moja humega rangi ya nyingine. Zungusha kona ya ganda kwa tupa kwa pembe ya nyuzi 45, ziba palipo wazi kwa tone la epoksi. Usipoteze jioni nzima hapo.

Kabla ya kuzihifadhi

Msimu ukiisha, safisha, noa, kausha, kisha paka nta nene kwenye soli na kingo na uiache bila kukwangua mpaka msimu ujao; inafunika chuma dhidi ya kutu. Legeza mkanda unaozibana katikati, la sivyo upinde utashinda umekandamizwa miezi minane. Usiziweke karibu na boila wala kwenye sakafu ya zege ya stoo, na mfuko usifungwe zipu mpaka kitambaa chake cha ndani nacho kikauke.